Bei ya Buti si Siri ya Jeshi

Kila kambi ya jeshi inapovamiwa huko Borno, kaskazini mashariki mwa Nigeria, wimbo wa Abuja ni uleule: jeshi liongezewe fungu. Mimi nasema kwanza tuambiwe lile la mwanzo lilikwenda wapi.

Kwenye bajeti ya 2025, Rais Bola Tinubu alipeleka bungeni naira trilioni 4.91 za ulinzi na usalama. Elimu ikapangiwa 3.52, afya 2.48. Nigeria haijalisahau jeshi lake.

Turudi 2014. Mwezi Septemba ndege binafsi kutoka Abuja ilitua uwanja wa ndege wa Lanseria, nje kidogo ya Johannesburg. Masanduku yakafunguliwa, ndani yake noti tupu: dola milioni 9.3. Serikali ya Nigeria ikasema ni za kununulia silaha. Taifa kubwa kama lile linafuata silaha na fedha sandukuni, kama mtu aendaye kuchukua marobota ya mitumba! Desemba ya mwaka huohuo, mahakama ya kijeshi ikawahukumu askari 54 kupigwa risasi. Waligoma kwenda kuikomboa miji iliyotekwa na wapiganaji wa Boko Haram, Delwa ukiwamo. Wakili wao, Femi Falana, alieleza kwamba walichodai ni silaha za kupigania. Baadaye adhabu ikashushwa hadi kifungo cha miaka 10, lakini masanduku yale na askari wale mimi huwa siwezi kuwatenganisha.

Rais Muhammadu Buhari alipoingia madarakani 2015, serikali yake ikadai kiasi cha dola bilioni 2 za silaha kiliyeyuka kwenye mikataba hewa. Sambo Dasuki, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa, akashtakiwa. Alikana.

Sisemi kila kinachonunuliwa ni bure. Ndege za kivita 12 aina ya Super Tucano kutoka Marekani, zilizogharimu karibu dola milioni 500, zilifika 2021 na zinafanya kazi. Ila chombo cha angani hakijui adui ni nani mpaka kiambiwe. Usiku wa Desemba 3, 2023, kijijini Tudun Biri, jimbo la Kaduna, watu walikuwa kwenye Maulidi. Droni ya jeshi ikawadhania majambazi. Bomu likaanguka, waliokimbilia kuokoa majeruhi wakakutwa na la pili. Walikufa watu wasiopungua 85, na jeshi likakiri kosa. Droni ilikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kusema wale ni wanakijiji.

Ukiuliza hesabu, unaambiwa ni siri za ulinzi. Kikosi kinakoelekea kesho ni siri, sawa. Bei ya buti, posho ya askari, jina la kampuni iliyopewa zabuni ya risasi, hivyo vina siri gani? Na siri hiyo haiishii jeshini. Magavana nao wana fungu lao la usalama, wanapewa taslimu mwezi baada ya mwezi, na hakuna mkaguzi anayewadai risiti.