Leza ya bei rahisi inatosha kabisa, ila bunduki bado hujaiseti

Niseme tu mapema, kama unatafuta leza ya kukusaidia kuseti darubini ya bunduki ya kuwindia (yaani msalaba wake ulingane na pale risasi inapopiga), chukua ile ya dola 20 au 30, hizo za dola 150 waachie wenyewe. Na sio ubahili jamani. Kazi ya hicho kidude ni ndogo, sasa kazi ndogo ya nini kununulia kifaa cha bei mbaya? Wanaoniudhi ni wale ambao wakishaona kile kidoti chekundu kimekaa katikati ya msalaba wa darubini wanajua wamemaliza, bunduki inarudi kwenye begi, wanasubiri msimu ufunguliwe waingie porini.

Kwa ambao hamjawahi kukiona, kuna cha aina mbili. Cha kwanza kinafanana na risasi yenyewe, kimetengenezwa kwa shaba kwa umbo la risasi ya bunduki yako, iwe .308 au .30-06, ndani kina betri vidonge zile ndogo ndogo na mbele ndo kuna taa ya leza. Unakitia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), unafunga, mwanga unapita ndani ya mtutu mpaka kwenye karatasi. Cha pili unakichomeka kwenye mdomo wa mtutu, na chenyewe kinakuja na vipande vya kubadilisha ili kiingie kwenye mitutu ya ukubwa tofauti, kwa hiyo mwenye bunduki kadhaa ananunua kimoja tu. Mimi hiki cha pili sikipendi hata kidogo, maana ukikisahau mle ukafyatua risasi ya kweli mtutu umezibwa, unaweza kupasuka, na atakayeumia ni wewe na huyo aliyekaa benchi la jirani. Cha chemba kikiwa ndani risasi haina pa kuingia, yaani usahaulifu wako hauna nafasi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndo watu wanadanganyana. Mwanga wa leza unanyooka. Risasi hainyooki, inaanza kuanguka pale pale inapotoka mdomoni mwa mtutu. Halafu darubini haikai ndani ya mtutu, inakaa juu yake kama inchi moja na nusu hivi, kwa hiyo jicho lako na mtutu wako ni njia mbili tofauti zinazokutana mahali fulani tu. Ukiweka karatasi yadi 25, ukazungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba ukakaa juu ya kidoti, basi kwa risasi za kawaida kama .308 au .30-06 utegemee, kwa hesabu ya karatasi, kwamba kwenye yadi 100 itapiga juu ya alama inchi 2 na kitu. Kwa kuanzia hapo ni pazuri sana! Ila hiyo ni kama kila kitu kimenyooka, na kwenye leza ya dola 20 hakuna kilichonyooka hivyo. Leza ikikosea inchi 1 tu kwenye yadi 25, kwenye yadi 100 hiyo ni inchi 4, na hapo ushatoka kwenye moyo wa mnyama uko kwenye utumbo.

Kuna kamtihani kadogo ambako wengi hawakajui. Tia leza chemba, bunduki iwe imetulia kwenye mifuko ya mchanga au imebanwa, angalia kidoti kimekaa wapi, weka alama ya kalamu. Toa leza, izungushe robo, rudisha, weka alama tena, endelea hivyo mpaka mzunguko uishe. Kama ni nzuri alama zitakaa karibu sehemu moja. Kama ni mbovu, na nyingi za bei rahisi ni mbovu kiasi, utapata kaduara, maana taa imekaa upande ndani ya lile ganda. Usiitupe! Katikati ya kale kaduara ndo mtutu unaangalia, seti msalaba wako hapo. Ndo maana nasema ya dola 20 inatosha, kasoro yake unaipima na kuirekebisha mwenyewe kwa kalamu.

Na jua likiwaka usihangaike na ile nyekundu, hata yadi 25 huioni, nenda jioni giza likianza kuingia au tumia ile karatasi inayong'aa ambayo mara nyingi inakuja nayo kwenye boksi. Ya kijani inaonekana vizuri zaidi mchana ila bei inapanda. Macho pia, usimulike mtu, usichungulie upande wa mdomo wa mtutu hata kama unajua bunduki haina risasi, sababu ziko mbili, leza inaumiza macho na bunduki ni bunduki.

Kuna jambo lingine wauzaji hawalisemi: kama bunduki yako ni ya bolti (ile chuma ya nyuma unayoivuta kwa mkono kupakia), hiyo leza huihitaji. Chomoa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia kupitia mtutu kutokea nyuma, tafuta alama kubwa kwenye yadi 25 iwe katikati ya tundu, halafu bila kuitikisa bunduki rekebisha darubini mpaka msalaba ufike kwenye alama ileile. Wazee wamefanya hivyo miaka na miaka na ni bure. Leza inapata maana kwa bunduki ambazo nyuma hupati pa kuchungulia, za levu (unapakia kwa mpini wa chini), za pampu (unavuta mkono wa mbele), na nyingi za semi-auto (zinajipakia zenyewe). Huku Pennsylvania, Marekani, semi-auto kwa kuwindia wanyama wakubwa hairuhusiwi, ndo maana za pampu zimejaa, kila ukoo una moja ya babu, ile Remington 760. Hapo sawa, nunua leza.

Maana presha ya huku ni kubwa bwana. Zamani msimu wa kulungu wa mkia mweupe kwa bunduki ulifunguliwa Jumatatu baada ya Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba) mpaka shule zinafungwa, toka 2019 ukahamishiwa Jumamosi, na wiki mbili kabla renji zote (viwanja vya shabaha) foleni. Mtu ambaye bunduki yake haigusi hata karatasi anamaliza boksi zima la risasi 20 akipiga tuta la udongo, na siku hizi risasi moja ya .30-06 inazidi dola. Leza inakuokolea hizo. Inakufikisha kwenye karatasi, basi. Msalaba ukishakaa, chomoa leza kabla hujapiga hata risasi moja, toa betri maana zinajiisha zenyewe kwenye kabati, na usiikumbuke tena mpaka utakapobadilisha darubini.

Maana bunduki ikilia inaruka, mtutu unatetemeka, risasi bado iko ndani ya mtutu haijatoka, na kila aina ya risasi inatetemesha mtutu kivyake. Leza hairuki wala haitetemeki. Itajuaje? Kwa hiyo piga tatu yadi 25, angalia katikati yake, rekebisha (kliki ni ule mlio mmoja wa kifundo cha darubini, na MOA ni kipimo cha pembe, karibu inchi 1 kwenye yadi 100; kliki ya robo MOA kwenye yadi 25 inasogeza sehemu ya 16 ya inchi, kwa hiyo inchi 1 ni kliki 16, usishangae mbona hazina mwendo), halafu sogea yadi 100, piga tatu tena, acha mtutu upoe, rekebisha, thibitisha. Hapo kliki 4 ndo inchi 1.

Wenzetu wa kambi za uwindaji wa kitalii Tanzania hili wanalijua vizuri. Mgeni anashuka na bunduki yake ya .375 iliyobebwa kwenye ndege mbili tatu, inarushwa rushwa kwenye mizigo, na kabla ya kwenda popote anapelekwa apige karatasi. Hakuna anayemuuliza kama aliiseti kwa leza kwao. Nyati akijeruhiwa, atakayemfuata kwenye kichaka ni yule mwindaji wa kambi na mfuatiliaji nyayo wake, sasa wewe ungekuwa wao ungekubali?

Kulungu hakufuati kichakani, ndo maana watu huku wanachukulia poa. Anakimbia na risasi ya tumbo anaenda kufia shambani kwa mtu, mwindaji anasema "nilimkosa", jioni yuko nyumbani anakunywa bia.

Kwa hiyo ile tofauti ya bei kati ya leza ya dola 20 na ya dola 150, inunulie risasi, utapata boksi mbili tatu. Ila ziwe zilezile utakazoingia nazo porini, kampuni ileile na uzito uleule, sio unaseti kwa za grein 150 (grein ni kipimo cha uzito wa risasi) kwa sababu zilikuwa ofa halafu asubuhi ya msimu unajaza za 180.