Zabibu za mlimani, sangara wa juu zaidi

Jumamosi shemeji alirudi safari na chupa ya mvinyo mwekundu wa Howell Mountain, California. Tumekaa uani Capri Point, Mwanza, anaizungusha chupa kama mtoto mchanga. "Huu ni wa mlimani, siyo hizi zenu." Nikamuuliza mashamba yenyewe yanaanzia usawa gani. Futi 1,400 juu ya bahari, kama mita 427. Nikamwonyesha Ziwa Victoria: "Shemeji, maji yale yako mita 1,134. Sangara wetu wanalala juu kuliko zabibu zako."

Tulicheka, lakini nadhani neno "mlima" kwenye lebo linatupumbaza. Kinachoitengeneza Howell Mountain ni ukungu. Asubuhi ukungu wa baharini hujaa bonde la Napa lililo chini, mlima ukabaki juu yake unaota jua. Mchana hauungui kama bondeni. Usiku hewa baridi huteremka chini, mizabibu ya juu ikabaki na joto kidogo. Mpaka wa Howell Mountain kama eneo la mvinyo, uliotambuliwa rasmi 1983, ulifuata usawa ambao ukungu kwa kawaida hauvuki. Udongo nao ni majivu ya volkano na udongo mwekundu wenye chuma, hauna rutuba, maji hayatuami. Mzabibu unahangaika, unazaa zabibu ndogo zenye ganda nene. Na ganda ndilo lenye rangi na ukakasi, ule wa kutafuna pera bichi.

Ndiyo sababu ya kuchanganya aina za zabibu. Cabernet Sauvignon ya huko, ikiwa changa na peke yake, inakukaba ulimi. Wanatia Merlot kulainisha, Cabernet Franc kwa harufu, Petit Verdot kidogo kukoleza rangi. Wauzaji hupenda kutusomea majina hayo kama orodha ya wachezaji. Mimi naona udongo unasikika kuliko majina: chupa yetu ilikuwa na Merlot ya kutosha na bado ilikaba.

Usawa peke yake ungetosha, Mwanza tungekuwa na mashamba. Dodoma iko karibu mita 1,100 kama sisi, na inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa sababu kule ni kukavu. Huku mvua na unyevu vinatunyima. Mama mkubwa ana mzabibu Nyegezi: kivuli safi, na ubwiri unga, kuvu jeupe kama unga, majani yote.

Kosa letu lilikuwa sato. Shemeji alimimina mvinyo ule juu ya sato wa kukaanga, nikahisi nalamba msumari. Mvinyo wenye ukakasi unataka mafuta ya nyama. Tena ulikuwa na joto la kabatini, na joto la kabati la Mwanza si mchezo. Nikauweka friji nusu saa, nikamtuma kijana mishikaki ya mbuzi kwa jirani. Iliporudi, glasi ya pili ilikuwa kitu kingine kabisa, na shemeji akawa amenyamaza, anatafuna.