Rangi mpya haitoshi Tomorrowland

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema Tomorrowland, lile eneo la mandhari ya siku zijazo kwenye bustani ya burudani ya Disney kule Florida, ikipakwa rangi na kubadilishiwa taa itapendeza. Mimi sikubaliani hata kidogo. Shida ni Space Mountain yenyewe, ile treni ya kasi ya gizani iliyomo humo: ni ya 1975, na abiria hukaa mmoja mmoja kwa kufuatana, magoti yamebanwa. Space Mountain ya Disney ya California ilijengewa reli upya, ikafunguliwa tena 2005. Mnakaa wawili wawili, na muziki unatoka kwenye kiti chenyewe, unakwenda sambamba na kona za gizani. Raha tupu! Ya Paris ndiyo kali zaidi, inakupindua kichwa chini miguu juu. Florida wabaki na reli zao mbili, ila wazijenge upya. Halafu zile gari za petroli za Speedway, mchezo wa kuendesha gari humo humo Tomorrowland, kwenye eneo linalojiita la kesho? Ziwekewe umeme.