Mvuke wa Usiku, Dizeli ya Jioni

Ukitaka kuharibu siku yako, soma ujumbe wa tokeni za stima hadi chini. Jana nilinunua za shilingi 500, na baada ya bei ya umeme wenyewe ikaja ada ya mafuta, halafu ya fedha za kigeni, halafu ya mfumuko wa bei, halafu ya umeme vijijini, na VAT. Mimi nilikwama kwenye mafuta.

Mafuta ya nini, jamani? Si sisi Wakenya tunajisifu kwa jotoardhi, umeme wa mvuke wa ardhini? Usiku wa manane watu wakilala, kwenye visima vya Olkaria mvuke huo huachiliwa ukapotea hewani kwa kukosa mnunuzi. Umeme wa upepo wa Turkana, megawati 310, una mkataba wa kulipwa hata usipotumika. Ikifika jioni, kati ya saa kumi na moja na saa nne, Rais Ruto mwenyewe alishakiri kwamba wengine huzimiwa ili wengine wawakiwe, huku dizeli ikiunguzwa. Kila ploti Nairobi ina tangi la maji juu ya paa. Stima ndiyo hatujaitafutia tangi, yaani betri kubwa ya kuhifadhi ya usiku itumike jioni.

Tangu Desemba 2017 viwanda vinauziwa umeme wa usiku kwa nusu bei. Vizuri, ila hakuna mama atakayesukuma chapati saa nane za usiku.

Msiniambie betri ni ghali. Mwaka 2010 pakiti ya lithiamu ilizidi dola 1,000 kwa kilowati-saa. Mwaka 2024 ilikuwa kama 115. Haya, hiyo ni pakiti tupu bila vifaa vingine, na betri nayo hula chake: ukiiwekea uniti 100 itakurudishia kama 85. Lakini 85 za mvuke uliokuwa unatupwa!

Kinachoniudhi ni hiki. Kenya Power, msambazaji wetu wa umeme, ikinunua umeme wa dizeli, gharama ya mafuta inateremka moja kwa moja hadi kwenye tokeni yangu. Ikifunga betri kituoni, deni linakaa kwenye vitabu vyake. Sasa ihangaike ya nini? Ningekuwa meneja pale ningelala fofofo. Na betri hiyo hiyo ingezipumzisha transfoma zinazoelemewa saa chache tu za jioni, ikaahirisha gharama ya kuzibadilisha.

EPRA, mdhibiti wa nishati, ndiyo yenye kalamu. Iamuru sehemu ya gharama ya dizeli ya jioni, hata moja ya kumi, ibaki kwa msambazaji, asimrushie mteja. Halafu tuhesabu wiki hadi zabuni ya betri itangazwe.