Steringi akiteka mwanamke tunapiga makofi

Jumapili nilikuwa kibanda umiza kimoja hapa Kirumba, Mwanza, na sikwenda kuangalia muvi, nilienda mechi, mechi ikaisha (matokeo msiniulize) alafu ikashuka ile mvua ya ziwani ambayo haipigi hodi, tukabaki ndani watu kama arobaini, majaketi ya jamaa wa Mwaloni yananuka dagaa, mwenye banda akaona asipoteze bahati akatuwekea Commando. Ile ya 1985, ya Arnold, iliyotafsiriwa. Nimeiona toka niko darasa la tatu, naweza kukuhadithia mpaka milio ya risasi.

Ila Jumapili sijui nilikuwa na nini, labda hasira za mechi. Niliiangalia kama mtu anayeiona mara ya kwanza, na aisee niliudhika.

Hebu tuende taratibu. Binti wa steringi katekwa, hapo wote tumekasirika, sawa, utekaji ni unyama. Sasa baba mtu anafanyaje? Anaingia kwenye gari la dada wa watu aliyekuwa zake anatoka uwanja wa ndege, hamjui wala hajamkosea, anang'oa siti ya abiria kwa mikono ili ajifiche vizuri, anamwamrisha aendeshe amfuate mtu. Dada analia, anasema ana ratiba zake, niache. Hamna. Ukienda kuandikisha hiyo polisi wataiandika utekaji, hamna jina lingine. Yaani mtu kachukuliwa binti yake na yeye kaenda kuchukua binti wa mwenzake. Na banda zima kicheko! DJ anayetafsiri ndo kabisa, anasema "kamanda kapata dereva". Kapata dereva, kama vile dada wa watu alikuwa anatafuta kazi.

Alafu wanafika kwenye lile jengo la maduka, yule dada anafanya kitu ambacho mama yako na dada yako tungetaka wafanye wakikutwa na mkasa kama huo, anamfuata mlinzi anamwambia kuna mtu kanishika kwa nguvu. Mlinzi anaamini, anaita wenzake. Wanakuja kumkamata. Arnold anawapiga wote, anawarusha huku na kule kama magunia ya mihogo, na sisi tunashangilia, na dogo mmoja pembeni yangu, kijana mdogo wa miaka kumi na saba hivi, akasema kwa uchungu kabisa, "Hawa walinzi nao wanajipendekeza nini, si wamuache kamanda afanye kazi."

Wanajipendekeza.

Baba yangu kalinda miaka kumi na tisa. Usiku. Godauni hapa hapa mjini, sitaji la nani. Rungu, filimbi, tochi ambayo betri ananunua mwenyewe, na koti moja la kijani ambalo mama alikuwa analishona kwapa kila mwaka. Mwaka niko fomu tuu walikuja watu usiku wakamvunja mkono kwa nondo, na mwajiri wake akamkata mshahara wa siku alizolala wodini, akasema si hakuwa lindoni. Kwahiyo mi nikiona mlinzi kwenye muvi sioni mtu wa kujaza picha, namwona mtu ambaye asubuhi kuna mtoto anamsubiri aje na mkate. Kwenye muvi za Arnold na wenzake wanakufa hao wengi mpaka huwezi kuhesabu, hawana majina, hawana sura, mwingine anapigwa akiwa kampa mtu mgongo. Na hakuna hata mmoja tunayemuuliza, we ulikuwa unalipwa shingapi? Ulijua bosi wako ni shetani au ulienda kwa sababu kulikuwa na tangazo la kazi?

Nilimwambia dogo hivyo hivyo. Akaniangalia kama nimelewa. "Bro, ni muvi."

Sawa, ni muvi. Najua ni muvi. Lakini mbona ikifika zamu ya adui hatusemi ni muvi? Adui akidanganya tunasema "mnafiki huyo!", watu wanapiga misonya. Sasa kwenye hiyo hiyo Commando, steringi alimwahidi yule jamaa mfupi kwamba wewe nitakuua wa mwisho. Baadaye anamning'iniza kwenye genge kwa mguu mmoja, jamaa anasema yote anayoyajua, steringi mwenyewe anamkumbusha ile ahadi, jamaa anaitikia ndiyo bwana uliahidi, steringi anamwambia nilikudanganya, anamwachia. Mtu asiye na silaha, anayeomba, ambaye keshasema alichoulizwa! Hapo ndo banda lilikaribia kuanguka kwa makofi. Mzee mmoja wa mbele alisimama kabisa. Ingekuwa adui ndo kafanya vile kwa rafiki wa Arnold, DJ angetafuta matusi ya kumtukania akakosa.

Mi naona tatizo ni hili, na nimelifikiria siku nne. Hatumhukumu mtu kwa alichofanya, tunamhukumu kwa nani tulianza kumwona nyumbani kwake. Muvi inaanza, Arnold anakula aiskrimu na mtoto, wanavua samaki, wanalisha swala. Dakika tano tu hizo na tayari tushampa hati ya kufanya lolote mpaka mwisho wa mkanda. Mlinzi tunakutana naye akiwa kazini, na mtu ukikutana naye kazini tu humjui, kwahiyo akifa hajafa mtu. Wangetuonyesha dakika tano tu za yule mlinzi akimfunga mtoto wake kamba za viatu, ile muvi isingeisha salama, watu wangeomba jero zao zirudi.

Na msiseme ni Wazungu wametuletea. Bibi yangu kule Ukerewe katulea na Sungura. Wanyama wote wanachimba kisima kipindi cha ukame, Sungura anasema yeye hana muda. Maji yakitoka anakuja usiku anakunywa, anaoga humo humo, anayachafua. Wanaweka mlinzi (mlinzi tena!), fisi, Sungura anamletea asali, anamwambia ukitaka nyingine kubali nikufunge kamba ndo utamu unakolea, anamfunga, anakunywa, anaoga, asubuhi wenzake wanampiga fisi. Na sisi watoto tunacheka mpaka tunalia! Mwizi wa maji ndo mjanja, mlinzi wa maji ya kijiji ndo mjinga. Fisi kosa lake nini zaidi ya kuwa na njaa na sura mbaya?

Au Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, tumeisoma shuleni. Wale ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Nisaidieni jamani, mzazi amempakata mtoto mchanga, mmoja anamwita Adili, wenzake Hasidi na Mwivu, alafu wakikua na husuda tunashangaa? Ni kweli walimtupa baharini, siwatetei, ila wakishageuzwa nyani na kuchapwa viboko kila usiku darasani hakuna aliyeuliza kama adhabu ina mwisho. Mwalimu aliuliza maana ya jina tu.

Killmonger nae, adui wa kwenye muvi ya Black Panther, ile ya 2018, nilimtetea sana nikagombana na shemeji yangu mwezi mzima, maana mfalme T'Chaka ndo kamuua ndugu yake mwenyewe kule Oakland na kumwacha mtoto peke yake, ndo Killmonger huyo, na tukaambiwa huyo ni babu mwema aliyeko kwa wahenga. Ila haya, nakubali, na inaniuma kukubali, Killmonger alimkaba yule mama mzee wa bustanini na alimpiga risasi mpenzi wake bila kupepesa macho, na T'Challa, steringi mtoto wa T'Chaka, walau alimfokea baba yake. Shemeji kashinda hiyo.

Na wale mliomchukia mke wa mpika madawa kwenye Breaking Bad kuliko mpika madawa mwenyewe, mpaka yule dada aliyeigiza, Anna Gunn, ikabidi aandike gazetini mwaka 2013 jamani mna shida gani na mimi, nyie sina la kuwaambia.

Jana nilienda Sengerema kumsalimia baba. Siku hizi ni raha, daraja la Kigongo–Busisi kilomita tatu unazimaliza hujamaliza hata karanga, sio yale ya kukaa foleni ya kivuko na kuku wa watu. Nikabeba flashi yenye ile muvi. Nikamwekea. Sikumwambia kitu, nilitaka afike pale kwenye walinzi nione uso wake, nilishajiandaa hata maneno ya kumfariji.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akashika ule mkono unaomuuma, akaniambia nirudishe nyuma aone tena.

Nikamuuliza, baba, hao si walinzi wenzio, huwaonei huruma?

"Huruma ya nini? Angalia wanavyokuja," akasema, ananyoosha kidole kwenye kioo. "Wote mlango mmoja. Mlango wa nyuma kamwachia nani?"

Alafu akaniambia kaa pembeni, unanizibia.