Bili ya maji ya shule Tabora: nani ailipe?

Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, Nzega na Igunga. Yanavutwa kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, kwa mradi uliojengwa kwa mkopo wa India. Urambo, Sikonge na Kaliua nazo zimo kwenye mradi mwingine, ule wa miji 28. Kwa mkoa ambao kiangazi kikikolea visima vya kienyeji hukauka, hili si jambo dogo. Ila bomba likiingia shule ya msingi, dira ya kupimia maji huingia nalo, na mwisho wa mwezi bili inamfika mwalimu mkuu.

Wapo wanaosema shule ilipe kama mteja mwingine yeyote, na hoja yao si ya kubeza. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019 ilipoanzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, maji ya vijijini yanaendeshwa na vyombo vya jamii vinavyoishi kwa makusanyo. Humo ndimo inamotoka posho ya fundi, umeme wa pampu, dawa ya maji na koki mpya. Tuliokulia vijijini tunazijua pampu za mkono zilizokufa. Kamati ilichaguliwa, wageni wakapigiwa ngoma, kifaa kimoja kikachakaa, hakukuwa na senti ya kununulia kingine, basi. Maji yasiyolipiwa na mtu hayadumu.

Sasa tupige hesabu. Ruzuku ya uendeshaji inayotoka serikalini ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 ni za vitabu. Shule ya watoto 800 inabaki na 4,800,000, yaani 400,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, ukarabati, michezo na ofisi. Mtoto wa kutwa akitengewa lita 5 kwa siku, kwa siku 20 za masomo shule itatumia lita 80,000, yaani uniti 80. Tuseme uniti moja ni shilingi 1,500: bili ni 120,000. Karibu theluthi ya fedha yote imeishia bombani, na hatujagusa choo cha kumwaga maji. Tena MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002, ruzuku ilipangwa kuwa dola 10 kwa mtoto, ambazo wakati huo zilikaribia shilingi 10,000. Leo dola 10 zinapita 20,000.

Ndiyo maana upande wa pili unasema shule isilipe kabisa. Elimu ni bila malipo tangu 2016, na mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni kwa ukali ambao walimu wakuu hawajausahau. Mimi naona mchango haukufa, ulibadilika tu. Mtoto anayeambiwa aje na dumu la maji analipa, na maji hayo huenda yametoka kwenye kisima kilekile anachonyweshea mwenzake ng'ombe. Kwa kiwango cha serikali cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, shule yetu ya watoto 800, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 36. Nani atayaosha kwa madumu? Msichana aliye hedhini akikosa pa kunawa atabaki nyumbani, na siku hizo hazimo kwenye bili ya mtu yeyote.

Dira za malipo ya kabla, zinazopigiwa debe kwa sababu taasisi za serikali ni wadaiwa sugu, zinamaliza deni bila kumaliza tatizo. Salio likiisha shule inakauka yenyewe, na hakuna hata mtu wa kumlalamikia kwamba amekata maji.

Kwangu mimi shule ilipiwe, lakini si kutoka kwenye ruzuku. Halmashauri ilipe moja kwa moja kwa chombo cha maji, kwa kiwango cha lita kwa mtoto kilichokubaliwa. Shule ikizidisha kwa kuacha bomba wazi, hapo kamati ya shule ijieleze. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wanakusanya ushuru wa tumbaku, na mkulima anayeilima tumbaku hiyo ndiye mzazi anayejaza dumu.

Mweka hazina atapinga, na ana sababu. Tumbaku ina misimu mibaya. Asilimia 10 ya mapato ya ndani tayari ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, fungu jingine limefungiwa miradi ya maendeleo, na kinachobaki kinagombewa na mafuta ya magari na posho za vikao. Hayo mawili ya mwisho ndiyo ningeanza kuyapunguza.