Vijana wa kanisa juu ya paa la mjane: hesabu inakubali?

Kiangazi kikishika Kigoma, kati ya Juni na mvua za kwanza za Oktoba, makanisa hutoka nje ya kuta zake. Kwaya hualikana, vijana hufanya makongamano, na kuna parokia na sharika ambazo zimeongeza jambo jingine kwenye ratiba: kundi la vijana linakwenda kijijini siku chache kukarabati nyumba ya mjane, ya mzee asiye na mtu, au ya mwenye ulemavu. Wanabeba mabati, misumari, majembe na masufuria. Asubuhi wanapanda paani, jioni wanaimba.

Wapo wanaosema hiyo ndiyo injili yenyewe. Yakobo aliuliza inafaa nini kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende zake kwa amani bila kumpa mahitaji ya mwili, na bibi anayesogeza kitanda usiku kukwepa matone yumo ndani ya swali hilo. Wapo wanaosema ni maonyesho tu. Kwa hawa, nauli, fulana zilizochapishwa na chakula cha vijana arobaini vingelipa mafundi wawili wa kijiji hichohicho, kazi ikaisha kimyakimya na pesa ikabaki palepale. Hoja zote mbili nimezisikia kutoka kwa watu wanaokaa benchi moja Jumapili. Mimi naegemea upande wa kwanza, ila masharti yangu karibu yote nimeyachukua kwa wapinzani.

Tuanze na hesabu, maana huko ndiko hoja ya wapinzani ina nguvu zaidi. Utaratibu huu kwa sura yake ya sasa umekomaa Marekani. Appalachia Service Project ilianza mwaka 1969 kwa kupeleka vijana wa makanisa katika nyumba chakavu za milima ya Appalachia. Wanakaa wiki moja wakati wa kiangazi, wanajilipia ada, wanaziba paa na kurekebisha sakafu. Habitat for Humanity, inayojulikana zaidi kwa kujenga nyumba mpya, ilianzishwa mwaka 1976 na Millard Fuller, na kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka mitatu Mbandaka, Zaire ya wakati ule, akijenga nyumba pamoja na kanisa la huko. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba wazo hili ni la Kizungu mwanzo mwisho. Sehemu yake imefinyangwa kandokando ya Mto Kongo.

Lakini kule Appalachia fundi wa paa ni ghali. Analipwa kwa saa, na familia yenye kipato kidogo inaweza kuwa na uwezo wa kununua vifaa ikakwama kwenye ujira. Kijana anayekuja bure anapunguza gharama kubwa kweli. Kwetu mizani imegeuka. Mikono tunayo. Fundi wa kijijini anakubaliana bei ya kazi nzima, na saidia fundi wake hupati shida kumpata. Kinachomshinda mjane wa Buhigwe, huko milimani, ni bati, mbao za kenchi za kubebea paa na mfuko wa saruji. Bidhaa nyingi za viwandani zinazouzwa soko la Mwanga, mjini Kigoma, zimetoka mbali, kwa reli iliyofika hapa mwaka 1914 au kwa barabara, na zikishapanda tena gari kuelekea milimani bei inapanda nazo. Watu arobaini wakifika na mabati kumi na tano wameleta kwa wingi kile ambacho kijiji kinacho, na kwa uchache kile ambacho hakina. Ningependa kuona msafara wa watu wanane na mabati arobaini. Najua viongozi wa vijana hawataupenda, kwa sababu watu wanane hawajazi hata picha.

Hapo naligusa jambo ambalo naona wachache wanalizungumza: ni sehemu gani ya nyumba inayokarabatiwa.

Nyumba nyingi za wazee vijijini Kasulu, Buhigwe na Kibondo ni za tofali mbichi zilizoshikwa kwa udongo. Nyumba ya namna hiyo hufa kuanzia miguuni. Maji yanayoshuka ukingoni mwa paa yanagonga ardhi na kurukia ukuta, na kozi mbili tatu za chini, yaani mistari ya tofali, zinaliwa kidogo kidogo kila masika, mpaka unakuta ukuta mzima umesimama juu ya kiuno chembamba. Mchwa nao wanapanda kutoka hukohuko chini kuelekea kwenye miimo ya milango. Dawa yake haina utukufu wowote: kibaraza cha mawe na udongo wa kichuguu ulioshindiliwa vizuri kuzunguka nyumba, mfereji wa kuongoza maji mbali, paa lililotokeza nje ya ukuta, na oili chafu kwenye mbao zote zinazokaribia ardhi. Ni kazi ya kubeba mawe na kushindilia kutwa nzima, kazi ambayo vijana arobaini wasio na ufundi wangeiweza bila kuharibu kitu. Na ndiyo wasiyopewa, kwa sababu kila mtu anataka kuonekana juu ya bati jipya. Methali ya ufa na ukuta, ambayo hakuna mgeni rasmi anayeikosa kwenye hotuba, inasemwa huku ufa wenyewe uko pale chini nyuma ya viti vya wageni.

Paa lenyewe lina adabu zake. Msumari wa bati unapigwa kwenye mgongo wa mkunjo. Ukipigwa kwenye bonde, maji yote ya mkunjo ule yanapita juu ya tundu. Nyumba moja upande wa Kasulu niliikuta Novemba, miezi mitatu baada ya vijana kuondoka. Misumari ilikuwa imepigwa popote nyundo ilipoangukia. Mvua ya saa moja ilitosha mama mwenye nyumba kutandaza beseni, sufuria, ndoo na kifuniko cha ndoo, na alijua bila kutazama juu kila chombo kinakwenda wapi. Fundi wa jirani ndiye aliyekuja kuziba, bila malipo, kwa sababu alikuwa anapita hapo kila siku na aliona haya. Huyo hakuwa na fulana. Upepo nao haukumbukwi: nyasi ni nzito na hujishikilia zenyewe, lakini bati jembamba juu ya kenchi ambazo hazikufungwa kwa waya ulioshushwa kozi tatu nne ndani ya ukuta linaweza kuondoka na mbao zake.

Kwa hiyo hoja ya wapinzani naikubali kwa kiasi hiki: fundi alipwe, awe wa hapohapo, na vijana wawe chini ya amri yake, kiongozi wao pia. Lakini kusema "mpeni fundi pesa, vijana wabaki nyumbani" kunapita juu ya jambo moja la historia yetu.

Zamani nyumba za vijijini hazikujengwa kwa pesa. Ilikuwa kazi ya ujima: mwenye shida alipika pombe, majirani wakaja wakakata nyasi, wakaezeka, wakanywa jioni. Pombe haikuwa sherehe tu, ndiyo iliyowakutanisha. Kisha zikaja imani zetu. Uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki, na waliookoka wakaacha pombe, kuinywa na kuipika. Silaumu, nimeona nyumba ambazo pombe ilizibomoa kuliko mvua. Ila matokeo yake ni kwamba leo bibi aliyeokoka, ambaye hana mwana wa kiume nyumbani wala senti ya kibarua, amenyimwa na imani yake ile njia pekee aliyokuwa nayo ya kuwaita watu. Kanisa liliondoa chungu cha pombe na mara nyingi halikuweka kitu mahali pake. Nikiutazama ukarabati wa vijana kwa jicho hilo, siuoni kama hisani iliyotoka ng'ambo. Ni deni. Na deni hilo lina anwani: linamhusu kwanza yule anayekaa hatua mia mbili kutoka kwa bibi, yaani jumuiya ndogondogo yake, kile kikundi cha waumini majirani, kabla ya basi la vijana kutoka mjini. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu walizifanya jumuiya hizo kipaumbele tangu miaka ya 1970, na kazi ya namna hii ingezifaa kuliko mikutano mingi inayoishia kwenye rozari na michango.

Jambo la ugeni nalo si dogo. Kwetu mtu haji kwako akaondoka hajala. Kundi likitangaza kuwa limejitegemea kwa chakula, mwenye nyumba bado atatafuta cha kuwapa. Nimemwona mama akiwachemshia wageni maharage aliyokopa kwa jirani, na kuku aliyechinjwa siku ile alikuwa anataga. Vijana walishukuru, wakala, wakapiga picha. Hawakukosea kula, kukataa kungemvunjia heshima zaidi. Waliokosea ni wapangaji waliopeleka watu wengi kiasi hicho kwenye boma lenye sufuria mbili.

Nani achaguliwe? Katika hili kanisa lingejifunza kwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, pamoja na lawama zake zote. Orodha ya kaya maskini inapitishwa kwenye mkutano wa hadhara, na watu wanagombana mchana, mbele ya wote. Orodha ya kanisa huandaliwa na watu watatu baada ya ibada, na haishangazi shangazi wa katekista akiwa wa kwanza. Isomwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, watu wapinge. Na isiwe ya waumini peke yao. Mtu wa Ujiji, ambako jirani Mwislamu na jirani Mkristo wanachota maji bomba moja, ataona mara moja paa jipya linasema nini iwapo linaruka nyumba tatu zilizochakaa zaidi kwa sababu wenyewe wanaswali Ijumaa. Jioni za kuimba sina tatizo nazo, ila zisiwe sharti la bati.

Kuna pia nyumba zisizofaa kukarabatiwa kabisa. Ziwa Tanganyika limepanda miaka ya karibuni na kufikia nyumba za watu kandokando ya ufukwe. Kuweka bati kwenye nyumba ambayo ziwa limeifikia mlangoni ni kumfunga mtu mahali anapopaswa kusaidiwa kuhama.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka ndani ya Biblia. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unasema watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwatunza walio wa nyumbani mwao, na kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia walio wajane kwelikweli. Kuna bibi mwenye wana watatu Dar es Salaam, wote na kazi. Tukimwezekea, tumewapumzisha. Kuna mzee wa kanisa ninayemfahamu ambaye kabla ya kuingiza jina kwenye orodha huwapigia simu watoto wote, mmoja mmoja, anawaambia kanisa linakuja tarehe fulani na kuuliza kila mmoja atatoa mabati mangapi. Anasema wengi hutoa, kwa aibu. Aibu si nia njema sana, lakini bati la aibu halivuji zaidi ya bati la upendo.

Limebaki la ardhi, na hili ndilo lingeweza kugeuza wema wote kuwa hasara. Nyumba ya nyasi hakuna anayeigombea. Ikipata bati, shemeji aliyekuwa kimya miaka kumi anakumbuka kwamba kiwanja ni cha marehemu kaka yake. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua mwaka 2015 kwamba Tanzania iliwakosea wajane wawili wa Shinyanga kwa sheria za namna hiyo. Upande wa pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kati ya karatasi hizo mbili amekaa bibi, na mara nyingi hana karatasi yoyote.

Ndiyo maana nasema kabla msumari wa kwanza haujanunuliwa, mashemeji na watoto waitwe, mwenyekiti wa kitongoji awepo, na iandikwe kwamba nyumba inakarabatiwa kwa ajili ya mama huyu kukaa maisha yake yote. Inapowezekana, zianze hatua za hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Wapo wachungaji wasiolitaka jambo hili, wanasema linageuza huduma kuwa kesi. Wapo pia wajane wenyewe wasiolitaka, kwa kuwa kikao hicho kinaweza kumwamsha shemeji aliyelala. Mjane akisema hivyo, neno lake lifuatwe, naye aulizwe anataka nini badala yake. Nyumba kama hiyo ningeiachia nyasi zake, zilizooza zikabadilishwa, na pesa ya bati iende kwenye kibaraza na mfereji, ambavyo hakuna shemeji atakayeving'oa usiku na kuvipakia kwenye baiskeli.